Siku Bingwa Alipokubali Kupitwa

Kuna Alhamisi moja ya Riyadh ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, hata sasa ninapoota mvi na miguu ingali inaniwasha nikikaa mahali pamoja miezi miwili.

Nilikuwa dereva wa familia moja kule, miaka ile maajenti walipokuwa wakijaza vijana wetu kwenye ndege kila wiki. Mlinzi wa lango alikuwa Kimaru, mtu mrefu, mpole, wa milima ya Elgeyo. Kabla ya lango lile alikuwa mkimbiaji wa marathoni, na si wa kubahatisha. Alishinda mbio katika miji mikubwa ya Ulaya, akajenga nyumba ya mawe, akawanunulia wazazi ng'ombe wa maziwa. Kisha mshipa wa nyuma ya kisigino ukachanika. Mialiko ikakoma, watoto hawakukoma kula, naye akasaini mkataba kama sisi wengine.

Lakini hakuwa amestaafu. Meneja wake wa zamani alimwahidi nafasi katika marathoni moja ya Aprili, mradi arudi kambini mapema, mguu ukiwa mzima. Daktari naye alimwonya asikimbie kwa kasi mpaka mshipa upone. Kwa hiyo kila alfajiri Kimaru alizunguka mtaa kwa mwendo wa mtu anayetafuta funguo zilizomwanguka.

Tulimcheka, bila shaka. Wafula, mpishi wetu, alikuwa akimngoja langoni.

"Buda, paka wa jirani amekupita, na ana mimba!"

"Hiyo ni marathoni au ni mazishi?" nami nikaongeza.

Kimaru alijifuta jasho. "Kambini kwetu, siku ya mbio za pole hata bingwa wa dunia hupitwa na mama anayepeleka maziwa. Hakuna anayecheka. Mtu akicheka, tunajua amefika jana."

Basi Fahad, mpwa wa bosi, akaona kwenye simu picha za Kimaru akikata utepe wa ushindi. Bosi alifurahi kama aliyegundua kisima uani. Alhamisi hiyo jioni akatuchukua hadi nyumba yake ya mapumziko nje ya mji, ambako wageni walikuwa wameketi juu ya mazulia wakinywa kahawa. Fahad alikuwa tayari, amevaa viatu vipya vinavyong'aa.

"Yalla, Kimaru!" bosi akasema. "Mpaka ukuta ule na kurudi. Ukimshinda, kesho nakusainia karatasi ya kutoka."

Bila karatasi hiyo, mwanangu, huvuki uwanja wa ndege, na mkataba wa Kimaru ulikuwa ungali na miezi mingi. Aprili yake yote ilikuwa kwenye kalamu ya yule mzee.

Nilimshikia koti, nikamnong'oneza, "Mmalize huyu mtoto. Ni dakika mbili tu, uende nyumbani."

"Dakika mbili ndizo zilizonileta huku," akasema. "Nilifukuzana na kijana mmoja kambini, siku ya pole, kwa sababu alinicheka. Hapo ndipo mshipa ulipochanika."

Wakaanza. Fahad aliruka kama swala. Kimaru akaondoka kwa mwendo wake uleule wa kutafuta funguo. Fahad alirudi, akanywa maji, akapiga picha na binamu zake, na Kimaru alikuwa bado anakuja, mgongo wima, kana kwamba uwanja mzima ulikuwa wake. Wageni walicheka hadi kahawa ikamwagika.

"Huyu ndiye bingwa?" bosi akauliza, akageuza uso.

Kimaru alimpa Fahad mkono. "Hongera, kijana."

Njiani tukirudi, wawili tu garini, nilimwakia. "Umetuaibisha! Karatasi ilikuwa mkononi mwako!"

Kimaru alilegeza kamba za viatu vyake. Kisha akasema, kwa upole uliouma kuliko kofi, "Ndugu yangu, wewe unaumwa wapi mtu akikupita? Mwenzako akipata kafili mpya, mwajiri anayelipa zaidi, unataka kuhama. Akijenga nyumbani, hulali. Mbio zako wewe ni zipi hasa?"

Niliongeza sauti ya redio.

Karatasi haikusainiwa mpaka mkataba ulipokwisha. Marathoni ya Aprili Kimaru aliitazama kwenye simu kibandani mwake, mguu ndani ya ndoo ya maji baridi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia Jeddah, kwa sababu mtu fulani alisema madereva wa huko wanapata zaidi. Hawakuwa wakipata.

Mwaka uliofuata, Kimaru akiwa amesharudi kambini kwao, tulijazana chumbani kwetu Al-Hindawiyah, mtaa wa Jeddah, vichwa sita juu ya simu moja. Marathoni ileile ya Aprili ilianza na Kimaru hakuonekana.

"Yuko wapi huyo wako?" wakanidhihaki.

"Yuko nyuma," nikasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikuniuma.

Karibu na mwisho kofia nyeupe ikatokeza. Ikampita mmoja, ikampita mwingine. Kimaru alimaliza wa tatu, akainama, akakishika kisigino taratibu kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Mwenzetu wa Bomet alishangilia kwa kututengenezea mursik, maziwa ya mgando ya kwao yanayotiwa mkaa wa mti, kwa laban, mtindi wa dukani, na, kwa kukosa mti huo, mkaa wa shisha. Matumbo yetu wiki ile sitayasimulia.

Mwanangu, utapitwa. Watakupita uliosoma nao, watakupita hata wale uliowafundisha kazi, na wengine watapiga picha wakikupita. Jua siku ya mbio zako ni ipi, na siku nyingine zote uutunze mguu wako. Usiuharibu mwili wako wala nyumba yako ili kunyamazisha kicheko cha jioni moja. Mimi somo hili nimelijua kwa kichwa. Miguu yangu ingali inajifunza, na begi langu bado liko karibu na mlango.

Mungu akupe pumzi ya kufika siku yako ikifika. Na kabla haijafika, akupe moyo mweupe wa kuwapisha wenye haraka, na kuwapa mkono wakikungoja mbele.