Rkia na Programu Isiyokubali Kufutwa

Saa nne asubuhi, mvua inagonga mabati ya soko la Derb Ghallef, Casablanca, na Rkia Ouhammou ameinamia kompyuta mpakato ya mtu asiyemfahamu, akijaribu kuamua kipi king'olewe na kipi kibaki.

Kompyuta yenyewe ni mpya, imetoka dukani wiki hii. Mwenyewe, karani wa kampuni ya usafirishaji, amesimama ng'ambo ya meza akiwa amekunja mikono. Anauliza tena inakuwaje kitu kipya kiwe kizito namna hii, mpaka kukiwasha unaweza kwenda kununua mkate na kurudi.

Rkia anamgeuzia skrini. Kuna programu ya kuzuia virusi iliyowekwa kwa majaribio, ambayo baada ya mwezi itaanza kudai ilipiwe. Kuna michezo ya karata. Kuna duka la mtandaoni la watengenezaji. Kuna kitu kinachojiita msaidizi, na chini yake kingine kinachojiita msaidizi wa msaidizi.

"Huyu wa pili anamsaidia nani?" anauliza karani.

"Kaka yangu, hata mimi nilitaka kukuuliza wewe," anajibu Rkia, na muuza chaja wa kibanda cha jirani anacheka peke yake.

Hiyo ndiyo kazi inayomweka mjini. Rkia, mwenye umri wa miaka 43, huwapunguzia watu mizigo waliyopewa bila kuiomba: programu zilizopakiwa kiwandani, na zile kuukuu ambazo waliozitengeneza wamekwisha kuzitelekeza, matundu yake yakabaki wazi kwa wezi wa mtandaoni. Kwa kompyuta moja hutoza dirhamu themanini. Siku ya mvua akipata wateja watatu hushukuru.

"Watu wanadhani ninajua kila kilichomo humu ndani," anasema. "Sijui. Majina yote yanafanana, na yote yanajisifu. Naondoa kimoja, nasubiri, nasikiliza kama mashine italalamika."

Kuna siku ililalamika. Aliondoa programu yenye jina refu lisilo na maana, na kompyuta ya mpiga fidla wa harusi ikawa bubu, haitoi hata mlio. Ijumaa nzima alihangaika kuitafuta sauti hiyo, huku mwenyewe akimpigia simu kumweleza jinsi bibi harusi alivyokwisha kupakwa hina.

Rkia hakuisomea kazi hii. Alizaliwa milimani, upande wa Azilal, akaja Casablanca kufanya kazi katika kiwanda cha nyaya za magari. Kiwanda kilipopunguza watu, kaka yake Hmad, aliyekuwa akiuza mikoba ya kompyuta hapa sokoni, alimwomba amshikie kibanda kwa muda mfupi aende Uhispania kutazama kazi. Hmad bado yuko Uhispania. Ana mke huko na watoto wawili.

Wanunuzi wa mikoba walikuwa wakilalamika kwamba kompyuta zao zimezeeka kabla ya wakati. Rkia akaanza kuchungulia ndani. Wanaume wa mstari ule waliona kichekesho. Wakawa wanawaelekeza wateja kwa Lalla Ufagio, yaani Bibi Ufagio. Jina likamkaa. Leo limeandikwa kwa rangi ya kijani juu ya kibanda, na aliyeliandika ni yeye mwenyewe.

Lakini kisa ambacho Derb Ghallef yote inakijua ni cha kompyuta ya Lalla Zoubida Cherkani.

Bi huyo ni mjane wa mtaa wa Hay Mohammadi. Binti yake anaishi Turin, na mwaka jana alijifungua mtoto wa kwanza. Lalla Zoubida akanunua kompyuta iliyotumika, kutoka kwa mfanyabiashara wa hapa hapa sokoni anayeleta mizigo ya Ulaya, ili awe anamwona mjukuu. Alimwona, akafurahi, mpaka siku alipogundua kwamba taa ndogo ya kamera inawaka hata wakati ambapo haongei na mtu.

Aliileta kwa Rkia ikiwa imefungwa katika taulo la jikoni. Alisema inamtazama akikanda unga. Jirani alimshauri aifukizie ubani wa jawi ili jini litoke, naye akafanya hivyo. Rkia anakumbuka kwamba vitufe vyote vilikuwa vikinukia.

Ndani alikuta uchafu wa kawaida. Programu ya kuzuia virusi iliyokufa miaka mitatu nyuma. Kicheza video cha zamani ambacho sasa ni mlango tu wa wezi. Na kitu kimoja kisicho na picha, chenye jina la kawaida mno, la aina ambayo jicho hulipita. Akafuta vyote, akaiwasha upya, taa ikatulia. Lalla Zoubida akamwombea dua na kuondoka.

Wiki iliyofuata alirudi. Taa inawaka. Rkia akakuta kile kitu kisicho na picha kimekaa pale pale, kana kwamba hakijawahi kuguswa. Akakifuta tena. Mama akarudi tena.

Safari hiyo hakusalimia. Alisimama mbele ya kibanda, wateja wengine wakiwa wamejaa, akauliza kwa sauti ya kusikika mstari mzima:

"Binti yangu, niambie ukweli. Wewe unaing'oa au unaipanda?"

Rkia anasema hajawahi kuona aibu kama ile. Sokoni hapa mafundi wasio waaminifu wapo, wanaoharibu ili urudi, na aliona machoni mwa watu kwamba ameshawekwa kwenye kundi hilo. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri foleni alichukua kompyuta yake taratibu akaondoka nayo.

Akamkaribisha mama kiti na kumwomba atazame kila hatua. Alifuta mashine yote, hata mfumo wenyewe, akaweka mwingine mpya kutoka kwenye flashi. Ilichukua muda mrefu; walikunywa chai ya mnanaa, wakazungumzia mjukuu. Mwisho akamwonyesha: kompyuta ni tupu, haina kitu. Kisha akaiunganisha na mtandao.

Wakiwa wanaitazama wote wawili, kile kitu kikajitokeza kwenye orodha.

"Mama alisema bismillahi," anakumbuka Rkia. "Ninasali, lakini majini ya kwenye kompyuta sikuwahi kuyaamini. Dakika ile sikuwa na uhakika tena ninaamini nini."

Aliyewafungua macho kidogo ni Bwana Mimoun Azzouzi, fundi wa bodi na chipu, ambaye kibanda chake kiko karibu na muuza maandazi ya sfenji. Alieleza kwamba baadhi ya makampuni huzinunua kompyuta zao zikiwa na mlinzi, yaani programu iliyowekwa kwenye chipu, mahali ambapo kufuta hakufiki. Kompyuta ikiibwa, hata mwizi aisafishe vipi, ikiuona mtandao tu mlinzi anajisakinisha upya, anatuma ripoti kwa mwenye mali, na anamfungulia mwizi kamera amwone sura.

"Kwa hiyo hii ni ya wizi?" Rkia alimuuliza.

"Labda. Au imesahauliwa tu. Mashine haijui tofauti, dada yangu. Niachie, naibadilisha hiyo chipu kabla ya adhuhuri."

Rkia hakumwachia. Anasema hapo ndipo kichwa kilipomvurugika kweli. Kwa miaka yote kazi yake ilikuwa kuondoa kisichotakiwa, na hakuwahi kujiuliza kisichotakiwa na nani. Kama kuna mtu aliyeibiwa, basi mlinzi huyu ndiye anayemtafutia mali yake. Na kama atanyamaza, yeye ndiye atakuwa amemziba mdomo. Lakini akisema, mama wa watu atapoteza dirisha lake la Turin.

Akasema. Lalla Zoubida akamwambia kwamba hawezi kumtazama mjukuu wake kupitia kitu cha dhuluma. Mwenye mali atafutwe. Asipopatikana, wataona.

Ndani ya mlinzi kulikuwa na jina la ofisi ya bima katika mji mdogo wa Ubelgiji. Rkia aliandika barua pepe kwa Kifaransa chake cha kiwandani. Hakujibiwa. Akapiga simu ya ofisi hiyo, ikapokelewa na muuza maua aliyerithi namba hiyo, naye akadhani anaagiza shada. Akamfuata mfanyabiashara aliyeileta kompyuta. Huyo akakasirika, akaapa kwamba mzigo wake wote ulitoka kwenye mnada halali, na kwa muda hawakusalimiana.

Hatimaye akawapata wenye kumtengeneza mlinzi. Msichana wa upande wa pili wa simu alikuwa na adabu sana. Alimweleza kwamba ni mwenye mali tu anayeweza kuamuru mlinzi anyamaze. Na mwenye mali, kwa kumbukumbu zao, ni ofisi ambayo ilishafungwa.

"Nikamuuliza, hizo picha zinakwenda wapi? Akasema kwenye akaunti ya ofisi. Nikamwambia ofisi haipo. Akasema ndiyo, haipo. Nikamuuliza, basi nani anazitazama? Akaniambia nimwandikie mwenye mali."

Rkia anaeleza haya huku akicheka, lakini cheko lenyewe halifiki mbali. Siku ile, anasema, alikata simu akakaa akiiwaza kompyuta ile na asijue ni ya nani, inamlinda nani, wala yeye amekuwa mwizi au fundi.

Wakati huo wote, kwa kuwa wizi ulikuwa haujathibitika, Lalla Zoubida aliendelea kuitumia. Ila alikuwa haifungui kabla hajavaa jelaba yake ndefu na kujifunga kitambaa cha kichwa, na kila taa ilipowaka aliisalimia. Alimwambia Rkia kwamba kama kuna mtu huko, hata kama ni wa kukodiwa, haifai kumpita bila salamu.

Jibu lilikuja kupitia muuza maua. Yule mwanaume, baada ya kupigiwa simu ya pili, aliuliza mjini kwake, akampata bi mmoja mstaafu aliyekuwa katibu wa ofisi ile. Bi huyo aliandika mistari michache. Ofisi ilifungwa mkuu wake alipofariki, vifaa vyote vikauzwa kwa mnada, na hakuna aliyekumbuka kumwachisha kazi mlinzi. Kompyuta ile ilikuwa ya mezani kwake. Aliuliza kama herufi ya R bado inakwama.

Inakwama. Rkia anasema kila alipoandika jina lake kwenye mashine ile ilimbidi kuibonyeza mara mbili.

Bwana Mimoun alibadilisha chipu siku iliyofuata, akaweka nyingine kutoka kwenye bodi ya kompyuta iliyokufa ya aina hiyo hiyo. Waliiunganisha na mtandao, wakasubiri. Hakikutokea kitu. Waliendelea kusubiri mpaka muuza sfenji akafunga.

Lalla Zoubida alipokuja kuichukua, Rkia alimweleza yote, tangu muuza maua hadi katibu.

"Basi miezi yote hii," mama aliuliza, "nilikuwa namvalia kitambaa nani?"

"Hakuna mtu, Lalla."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Mama alikunjua taulo lake mezani. Rkia alitazamia ashukuru, au acheke, au akasirike kwa muda wake uliopotea. Badala yake alisema pole pole kwamba alikuwa ameshamzoea. Nyumba yake ni ya mtu mmoja. Akaikunja kompyuta ndani ya taulo lake, akalipa, akakataa kurudishiwa chenji.

Tangu hapo Rkia hasemi tena kwamba kompyuta ni safi. Karani wa usafirishaji anapomuuliza asubuhi hii kama kila kitu kimetoka, anamjibu kwamba ametoa anachokiona na anachokijua. Karani haelewi. Anaichukua mashine yake, anaiwasha, anashangaa jinsi ilivyo nyepesi, anaondoka akiwa amejifunika kichwa kwa mkoba.

Anachopanga sasa kimewafanya majirani waseme amerukwa na akili. Amepata chumba juu ya duka la mshonaji huko Hay Mohammadi, na baada ya sikukuu atakuwa akiwafundisha wanawake wa mtaa, kila Jumapili, kuzisafisha kompyuta zao wenyewe: kujua kilichopakiwa, kuuliza kimewekwa na nani, kutoa kisichohitajika na kusasisha kinachobaki. Bwana Mimoun amemuuliza atakula nini wateja wote wakishajua. Rkia anakiri kwamba hajui. Hata somo la kwanza litaanzia wapi bado hajaamua. Ameandika akafuta, ameandika akafuta.

Mwanafunzi wa kwanza ameshajiandikisha. Ni Lalla Zoubida, na amekuja na sharti lake.

"Habari za kung'oa ameniambia niwafundishe wengine," anasema Rkia, akivuta turubai kuziba mvua inayomwagikia meza. "Yeye anataka ajue kuiwasha hiyo kamera kwa mkono wake. Anasema kuzima, sisi mafundi tumeshamzimia vya kutosha."