Evanthia na Mashine Iliyovuja

Pale kisiwani, Evanthia alijulikana kwa harufu kabla hajaonekana. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya mkanda wa kupandishia na kuteremshia mizigo ya ndege, na mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, inavuja kila kiungo. Kila zamu alimwaga vumbi la mbao chini ya mipira yake ya kupitishia mafuta, kisha akalizoa limelowa tepetepe. Mumewe Pantelis, mwoka mikate, alimpokea mlangoni kwa utani.

"Karibu mke wangu. Leo umeoga dizeli?"

"Nyamaza, na wewe unanuka hamira!"

Jumamosi moja ya Juni akatua Krinio, binti wa kisiwani aliyerudi nyumbani kuolewa. Boksi la gauni lake la harusi lilikuwa linateremka kwenye mkanda pale mpira mmoja ulipoanza kufoka kama nyoka aliyekanyagwa. Evanthia akazima mashine, akarukia boksi na kulilalia kama kuku alaliavyo mayai. Mpira ukapasuka. Mafuta yakaruka juu yakamnyeshea yeye, kichwa hadi miguu.

Krinio akaja mbio. "Mama! Umeumia?"

"Mimi mzima. Hebu fungua tulione gauni!"

Lilikuwa jeupe pe. Krinio akacheka huku analia. "Basi kesho uje harusini. Usipokuja, siolewi!"

Evanthia alijisugua kwa sabuni na malimau mpaka ngozi ikamwasha, lakini wapi! Harusini akajibanza meza ya mwisho. Bibi yake bwana harusi, Asimina, mjane wa fundi wa meli, akapita, akasimama, akanusa.

"Nani ananuka mafuta ya mashine hapa?"

Evanthia alitamani ardhi immeze. "Ni mimi, bibi. Niwie radhi."

"Radhi ya nini, mwanangu? Marehemu wangu alinukia hivyo hivyo, nami nikalala usingizi mtamu. Inuka tucheze!"

Wakaingia kwenye duara wameshikana mabega, na bibi hakumwachia mpaka wapiga muziki walipoomba maji.

Majira ya kuchipua yaliyofuata ikaletwa mashine ya umeme. Haina mipira ya mafuta. Mkanda unainuliwa na mota. Evanthia alichuchumaa, akapitisha kiganja chini yake. Sakafu kavu.

"Mbona haingurumi?" akamuuliza fundi Lefteris. "Nitajuaje kama iko hai?"

"Itwike mabegi uone."

Mkanda ukapanda kimya kimya. Akasikia ndege wadogo wakiimba majanini kando ya njia ya kurukia, akatabasamu peke yake. Lakini koo lilishazoea kushindana na injini.

"Wewe! Teremka na hilo kubwa!" akamfokea mpakizi aliyekuwa ndani ya ndege, kwa sauti ile ile ya zamani.

Rubani, akidhani anafokewa yeye, akachungulia dirishani, mikono juu. "Mama, mimi tena nimefanya nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Evanthia akacheka mpaka akaegemea gurudumu.