Bomba la Maji, Mama Mkwe na Gunia la Ulezi

Habari hii nilitaka nife nayo, wallahi, lakini jirani yangu Mzee Athumani ameshaisimulia kwenye kila baraza la Sumbawanga, na kila akiisimulia anatia chumvi, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe mjue ilivyokuwa (na ilivyokuwa ni mbaya kuliko chumvi yake). Mimi Hamisi, mfanyabiashara wa nafaka, mtu mzima mwenye duka na kanzu mbili za Ijumaa, niliwahi kusimama mbele ya mwalimu wa chuo, wazee wanne wa msikiti na mama mzazi wa mke wangu, nikaeleza kwa sauti ni kwa nini huwa naoga kabla ya alfajiri.

Chanzo chake ni majivuno, sisingizii mtu. Enzi zile za Mwingereza maji ya ndani walikuwa nayo wazungu wa bomani tu, sisi wengine bafu letu lilikuwa ua wa matete nyuma ya nyumba, na baridi ya Ufipa mnaijua, mwezi wa sita ukioga uani asubuhi unarudi ndani meno yanagongana mpaka salamu hutoi. Siku moja nikapeleka mahindi kwa bwana shauri, nikaonyeshwa maji ya moto yanatoka ukutani, nikajiambia Hamisi, na wewe ni mtu. Mzungu mmoja msimamizi wa barabara alipohama nikanunua mabomba yake makuukuu, nikamwita Fundi Kosmasi, Mfipa wa Mwazye aliyejifunza kazi misheni, akanijengea nguzo za matofali nyuma ya nyumba, juu pipa, chini mahali pa kuni, bomba likatoka kwenye pipa, likapita chumba cha wageni, likaingia chumba kidogo cha ndani nilichokifanya bafu. Mtauliza kwa nini lipite chumba cha wageni. Kwa sababu ndiyo njia fupi, na bomba nililonunua lilikuwa fupi.

Kosmasi alisimama akaitazama njia hiyo kwa muda. "Bwana Hamisi, mgeni wako atalala na maji kichwani."

"Wageni hawaji kila siku," nikamjibu.

Basi bomba likafanya kazi, ila lilikuwa na domo. Ukilifungua linaanza na mluzi, kisha linatetemeka na kugonga ukuta gu-gu-gu-gu-gu, na ukilifunga linapiga pigo moja la mwisho, buu!, nyumba nzima inashtuka. Ndipo Mzee Athumani akaanza kunipokea dukani kwa maneno yake, "Hamisi, leo naona umewahi," halafu anacheka peke yake. Na nyinyi mnajua, kwa baridi ile hakuna mtu anayeoga kabla ya adhana kwa kupenda usafi tu. Muislamu mwenye mke akimwaga maji saa hiyo, sababu haiulizwi. Mimi sikujali, mwaka wa pili wa ndoa mtu anajali nini? Zuhura mke wangu ndiye aliyekuwa akijifunika shuka mpaka usoni kila bomba likianza.

Ndipo ikaja barua kutoka Ujiji, kwao Zuhura. Kaka yake aliandika kwamba mama yao, Bi Mwantumu, anakuja kutazama hali. Huko wamesikia kwamba mimi nimeingia katika ulevi, nalala vilabuni, mke wangu ninamwacha peke yake, ndiyo maana mwaka wa pili unakwisha na habari ya mtoto hakuna. Mama akikuta ni kweli, atarudi na binti yake. Zuhura aliisoma mara mbili, akaanza kulia, akasema, "Mimi siendi popote, lakini mama akisema tuondoke, nitamwambiaje?"

Mimi pombe sijapata kuionja. Lakini badala ya kufikiria pombe (na hapa ndipo ninapojiona mpumbavu), kichwa changu chote kilikwenda kwenye bomba. Mama mkwe atalala chumba cha wageni. Kitanda kiko ukutani, na bomba linapita pale pale kwenye mto. Yaani kila alfajiri nitakuwa nampigia ngoma mama mzaa mke wangu, nikimtangazia mambo ambayo hata kumtazama usoni baada yake siwezi! Mkwe huyo, ambaye nikikutana naye ukumbini napisha kama napisha mwenge! Nikaona heri kufa.

Kosmasi nilimpata akifunga mzigo, anakwenda Mwazye kuvuna. Alinipa dawa akiwa wima. "Lijengee sanduku la mbao. Pale linapogusa ukuta weka vipande vya mpira wa tairi. Lizungushie blanketi kuukuu, halafu ujaze sanduku maranda ya seremala, makavu. Na ulifunge taratibu, usilinyonge." Akapanda lori la watu wa Mwazye, akaenda zake.

Sanduku nilipiga mwenyewe. Msumari mmoja ulikataa kuingia, nikaupiga kwa hasira, nyundo ikateleza ikagonga bomba kwenye kiungo, nikalitazama, nikaona halijavunjika, nikaendelea. Mpira wa tairi sikuwa nao. Blanketi, Ufipa nani ana blanketi la kuvisha bomba? Maranda yalikuwa kwa seremala, upande wa pili wa mji, na jua lilikuwa linazama, na stoo yangu ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, imejaa magunia ya ulezi kutoka Kate. Nikauchota ulezi mkononi, nikauangalia. Mkavu. Punje ndogo, zinaingia kila tundu. Nikasema hata Kosmasi hakuliwaza hili! Nikamimina gunia zima ndani ya sanduku, nikapigilia kifuniko, nikaenda bafuni nikafungua bomba.

Kimya. Maji yalitoka kama yanaona haya. Nikamwita Zuhura asikilize, akaweka sikio ukutani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu barua ije, nami nikajiona nimewashinda wahandisi wa serikali wote.

Jumatatu Bi Mwantumu akashuka kwenye lori, mwembamba, mrefu, macho yake yanapita juu ya kila kitu polepole. Nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, na hakuongeza.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Asubuhi nachukua haki yangu ya maji bila mluzi wala ngoma, naenda msikitini moyo mweupe. Jumatano nikamwona mama mkwe akichungulia uvunguni. Alhamisi Zuhura akafukiza udi chumbani mwa mama yake mara tatu, na nilipomuuliza akasema mama analalamika kuna harufu. Mimi sikusikia harufu yoyote. (Mtu aliyeshinda miaka kumi ndani ya stoo ya nafaka, pua yake ni pambo tu.) Nikadhani ni panya amekufa. Kilichonitia wasiwasi ni kingine, kwamba mama mkwe aliacha kabisa kunijibu salamu, na jioni ile nikamsikia akimwambia Zuhura, "Nimeona, na nimenusa. Na zaidi ya hayo nimesikiliza." Amesikiliza nini, nikajiuliza, na bomba nimelifunga mdomo?

Nikaamua kujitetea kiungwana. Ijumaa baada ya swala nikaalika dua na chakula nyumbani, nikamleta Mwalimu Idi wa chuo chetu na wazee wanne, Mzee Athumani mmojawapo, ili mama mkwe awasikie watu wa heshima wakinisifu. Wanaume tulikaa ukumbini, wanawake wakawa chumba cha wageni, pazia katikati. Mwalimu Idi akainua mikono, akaanza, akasita, akavuta pumzi puani, akamtazama mzee aliye kulia kwake, naye akamtazama aliye kushoto. Kisha akaendelea na dua, lakini haraka.

Tulikuwa karibu na "amin" ya mwisho sanduku lilipolia. Kwanza mlio mrefu wa mbao, kama mtu anafungua mlango uliovimba kwa mvua, halafu misumari ikaruka, pa! pa! pa!, na wanawake wakapiga yowe. Nikasahau mkwe, nikasahau haya, nikavuta pazia. Ulezi wangu ulikuwa umekunywa maji yaliyovuja kwenye kile kiungo nilichokigonga, ukapata na joto la bomba, ukavimba siku sita nzima mpaka ukapasua mbao, sasa unaporomoka taratibu juu ya mto wa Bi Mwantumu, umeota mikia myeupe, unachuruzika, na harufu iliyotoka pale, ndugu zangu, hata mimi niliisikia.

Mambo yangeweza kuishia hapo, ningesema ni uozo tu, basi. Lakini mlango wa chumba kile unaotokea uani ulikuwa wazi, na Mama Paskalia wa Malangali, anayetuletea maziwa, mama mwema asiyejua kunyamaza, alikuwa amesimama pale na kibuyu chake. Akatazama kitandani, uso ukamng'aa.

"Mhh! Kimea hicho! Bwana Hamisi, nani amekuvundikia? Mbona kimeota sawasawa hivyo? Sisi nyumbani tunaloweka, tunafunika, tunangoja, na bado hakitoki hivyo. Hicho ni cha pombe ya harusi kabisa!"

"Zuhura," Bi Mwantumu akasema, bila kupaza sauti, "funga nguo zako."

Zuhura akanitazama. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa dakika ile, maana niliona mkono wake unafungua sanduku lake la nguo lililokuwa pembeni mwa chumba kile, unaanza kuzitoa, kwa utii, huku machozi yanamtoka. Nikasema, "Si pombe, mama! Wallahi si pombe! Nimeuweka ulezi kwa ajili ya bomba!"

"Bomba linakula ulezi?" mzee mmoja akauliza.

"Lilikuwa linapiga kelele."

Mwalimu Idi akashusha tasbihi. "Hamisi mwanangu, maji yakipiga kelele yana ubaya gani? Mpaka umwage gunia zima la chakula?"

"Ni kelele za alfajiri, Mwalimu."

"Alfajiri ina nini?"

Jasho, kwenye baridi ile ya Sumbawanga, likanitoka mpaka miguuni.

"Sema," Mwalimu akasema kwa upole. "Mficha uchi hazai."

Basi nikasema. Nilitazama chini nikasema kwamba mimi ni mtu na mke wangu, na kwamba kuna asubuhi ambazo ni lazima mtu aoge kabla ya swala, kama Mwalimu mwenyewe anavyotufundisha, na kwamba bomba linapita kichwani mwa mama, nikaona haya, nikalifunga mdomo. Mzee mmoja akaanza kukohoa, akakohoa kikohozi kisichokwisha. Zuhura alikuwa amejifunika kanga uso mzima.

Bi Mwantumu akasogea mbele. Akasema na mimi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu ile marahaba. "Siku nne nimelala macho kichwa karibu na ukuta huu. Sijasikia hata tone. Nimesema moyoni, mume huyu ama haogi, ama hana haja ya kuoga. Na pombe nainusa. Leo unaniambia nini?"

"Fungua bomba," Mwalimu Idi akasema.

Nikaenda bafuni, nikafungua. Mluzi. Kisha, kwa kuwa sanduku limepasuka na hakuna tena cha kulizuia, gu-gu-gu-gu-gu, ukuta ukatikisika, vikombe vya dua vikacheza kwenye sinia. Na Mzee Athumani, kule ukumbini, akaruka kwenye mkeka kama kijana.

"Ndilo! Ndilo hilo! Mama, mimi ni jirani, ukuta kwa ukuta. Mwaka mzima hilo ndilo adhana yangu ya kwanza! Wiki hii nilidhani mtoto huyu anaumwa!"

Nikafunga. Buu!

Mama Paskalia, ambaye nadhani alielewa nusu tu, akaanza kucheka, wanawake wengine wakafuata, na wazee wakaziba midomo kwa kofia zao. Bi Mwantumu hakucheka. Alitazama mto wake, akatazama bomba, akamtazama binti yake aliye ndani ya kanga.

"Zuhura," akasema, "zirudishe nguo sandukuni."

Kile kimea Mama Paskalia alikibeba chote kwao Malangali (aliomba, na mimi sikutaka hata kujua atakifanyia nini). Nami nikaapa, na kiapo hicho nakishika mpaka leo, kwamba jambo la halali sitalifunika tena kwa ulezi wala kwa kitu chochote, maana nilipoficha lile la haki yangu ndipo watu walipokaribia kuamini kuwa mimi ni mlevi. Kosmasi aliporudi kutoka Mwazye na vipande vyake vya mpira wa tairi, tayari kumaliza kazi kwa namna ya kifundi, mama mkwe alimzuia mlangoni. Akasema azibe kile kiungo kinachovuja tu, lakini kelele ziachwe kama zilivyo.

Alikaa mwezi mzima. Kila bomba lilipopiga, nilisikia ng'ambo ya ukuta kikohozi kidogo, kisha "Alhamdulillahi". Na asubuhi nilizopitiwa na usingizi, tukikaa kunywa chai, yeye anageukia upande wa binti yake, mimi ananipa kisogo kwa heshima, anauliza polepole:

"Zuhura mwanangu, leo pipa lilikuwa halina maji?"