Yowe la Bibi Ng'ambo ya Sirari

Mwaka jana nilikuwa narudi nyumbani Sapiwi kwenye harusi ya mtoto wa shangazi, na tulipofika Mwamanyili basi likapunguza mwendo. Mbele yetu palikuwa na matawi mabichi yamelazwa barabarani, ile dalili ya gari bovu ambayo hakuna dereva wa kwetu asiyeijua. Lori limeinamia upande mmoja, limejaa ng'ombe, na dereva kalala chini yake, inaonekana miguu tu. Ng'ombe mmoja akatoa kichwa katikati ya mbao, akatutazama. Basi likazunguka, likaendelea na safari. Mimi nikajikuta nalia, mtu mzima na kitenge changu cha harusi, mpaka mama wa kiti cha nyuma akaniuliza kama naenda msibani. Nikamwambia ndiyo, ila msiba wenyewe ni wa zamani.

Wewe kama ulikulia kwetu miaka ile ya soko huria, huna haja ya kuelezwa. Jana ulikuwa unapanga foleni ya mche wa sabuni, leo maduka ya Bariadi yamefurika: viatu vya plastiki, redio, mafuta ya kupaka yananukia hadi nje. Vitu vipo, cha kununulia ndiyo hakuna. Pamba tuliivuna, ikalala ndani tukilala juu yake, maana yule mnunuzi wa zamani, chama cha ushirika, kanyamaza na wanunuzi wapya wanakuja kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Hiyo habari ya biashara ikamshika baba kama homa. Alitaka mashine ya kusaga. Wanawake wa Sapiwi walikuwa wanatembea mwendo mrefu na mtama kichwani kwenda kusaga, na yeye akaona hapo ndipo ukombozi wetu ulipo. Ila mashine hainunuliwi kwa maneno, na sisi mali yetu ilikuwa moja tu: ng'ombe wa bibi.

Ng'ombe hao, wee acha tu. Mimi nililala nyumba ya bibi tangu nilipoachishwa ziwa, kwa hiyo sauti ya kwanza niliyoijua ya asubuhi ni maziwa yakichuruzika kwenye kibuyu, na bibi akiwasengenya ng'ombe wake kwa Kisukuma, huyu mvivu, huyu ana wivu. Kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi na kutikisa kibuyu cha mtindi, natikisa mpaka mkono unakufa ganzi, siagi ikijitenga bibi ananipakulia kidogo juu ya michembe ya moto. Viazi vile vilivyokaushwa, vikichemshwa vikakutana na siagi mbichi, mimi sijakula kitu kama hicho tena. Babu alipofariki alimwachia bibi mitamba michache, naye akawazalisha kwa subira mpaka zizi likajaa. Kila tulichokuwa nacho, chumvi, daftari, dawa, nguo ya sikukuu, kilitoka kwenye zizi lile.

Na tulikuwa na mwano. Hilo ndilo yowe letu la hatari. Mtu akivamiwa, nyumba ikiwaka, anaupiga, na atakayeusikia anaupokea na kukimbilia unakotoka, jembe mkononi, chakula mdomoni, vyovyote alivyo. Ukisikia ukakaa, utajieleza mbele ya kijiji. Nakumbuka ndama wetu alipotumbukia kisimani, bibi aliupiga mara moja tu. Walikuja na kamba hadi wa upande wa pili wa mbuga, akiwemo jirani ambaye bibi alikuwa hasemi naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Ndama akatolewa, watu wakanywa maziwa, ugomvi nao ukaishia hapo hapo.

Baba alipata habari kuwa Kenya ng'ombe wana bei nzuri, na siku hizo kupeleka kulikuwa ruhusa ukiwa na kibali. Alimbembeleza bibi msimu mzima. Bibi akakubali kwa sharti moja: hao ng'ombe hawavuki mpaka bila yeye. Na bibi alikuwa haendi popote bila mimi. Kwa hiyo tukakodi lori la mwenye duka mmoja wa mjini, tukapakia zizi zima, tukabakiza ndama peke yao wakilia nyuma ya miiba. Bibi alikaa mbele nami, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye dirisha la nyuma njia nzima, akiongea na wanyama wake, na dereva anacheka kwamba leo amebeba mama na watoto wake.

Tulipita Lamadi, Bunda, Tarime. Pale Sirari karatasi zikagongwa mihuri, tukavuka. Nilidhani ng'ambo kutakuwa na rangi nyingine. Nyasi zilikuwa zile zile, na mbuzi wale wale wakorofi. Hatujaenda mbali sana kutoka mpakani tukasikia kishindo chini, lori likayumba likasimama. Ekseli imekatika. Dereva akalaza matawi barabarani, akaifungua, wakaona hakuna njia ila kuipeleka mji wa mbele kwa fundi. Baba hakumwamini dereva kumpa pesa ya fundi na kumwacha aende peke yake. Wakadandia gari lililopita, wote wawili, na vibali vikiwa ndani ya koti la baba. Alituambia tukae kivulini mwa lori, tusiondoke.

Jua likapanda. Wewe unajua ng'ombe aliyesimama kwenye lori linalokwenda anapata upepo, likisimama, anapikwa. Walianza kutoa ndimi. Halafu yule jike mwekundu, mkubwa wa zizi, mama wa nusu ya wale wengine, akakunja magoti. Ng'ombe akilala ndani ya lori wenzake wanamkanyaga mpaka anakufa, na akifa mmoja wengine wanamwangukia. Bibi alipanda ubavuni, akamvuta mkia, akammwagia maji yetu ya kunywa, akamsihi. Magari yalikuwa yanapita, na mimi nilipunga mikono mpaka nikachoka. Ndipo nikamwona bibi amesimama juu kabisa ya mbao, kiganja mdomoni, akaupiga mwano.

Siwezi kukuelezea sauti ile. Ilikwenda ikapiga kilima, ikarudi. Na kweli, ikapokelewa! Mbali huko mtu akaitikia, na mwingine, na mwingine, kwa namna yao. Bibi akashuka anatabasamu, akaniambia, "Umeona, mjukuu wangu? Watu ni watu kila mahali."

Walikuja wengi, wakikimbia, na mapanga, na pinde, na mbwa. Sisi hatukushangaa silaha, hata kwetu mwano huendewa hivyo. Tulichokuwa hatujui ni kwamba watu wale walikuwa wamesumbuliwa na wezi wa ng'ombe mwaka mzima, wezi wanaovusha mifugo mpakani kwa malori, na yowe la mchana kweupe kwao lilikuwa na maana moja tu. Wakafika wakakuta lori la Tanzania, limejaa ng'ombe, halina mwanamume hata mmoja.

Bibi hakujua Kiswahili cha kutosha, mimi ndiye niliyekuwa na cha shule. Kijana mmoja akaniuliza hizi ng'ombe ni za nani. Nikamwambia za bibi. Akauliza wanaume wako wapi. Nikamwambia wameondoka. Akawatazama wenzake, wakaongea kwa lugha yao kidogo, tena kwa upole, kisha akaniambia, "Sawa. Tunazipeleka maji." Nikamtafsiria bibi, naye akainua mikono juu akamshukuru Mungu.

Na walifanya kazi nzuri, lazima niseme. Walijenga ngazi ya udongo na mawe, wakamshusha yule mwekundu kwa kamba, pole pole, kama wanashusha mgonjwa. Bibi alimwendea kila mmoja wao, akapiga magoti, akapiga makofi yetu ya heshima, "Wabeja, wabeja sana," asante, asante sana. Hawakumwitikia. Wakaswaga kundi bondeni. Vijana wawili wenye pinde wakabaki nasi, na bibi akaona ni heshima, wametuachia walinzi. Akafungua kitambaa chake akawapa michembe. Wakala. Tulikaa hivyo, bibi akiwasifu wale watu, kwamba hawapigi ng'ombe ovyo, mpaka baba akarudi na ekseli begani akalikuta lori tupu.

Baba aliwauliza wale vijana. Wakamjibu kwamba mali ya wizi iko kwa chifu na yeye mwenyewe atakwenda huko. Bibi akawa ananitazama mimi, anasubiri tafsiri. Sikuitoa. Baba ndiye aliyemwambia, kisha akasema, "Mama, kwa nini hukunyamaza?"

"Ningenyamazaje, nao wanakufa?"

Baba akaitua ekseli, tukashika njia ya kwa chifu.

Chifu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu mbaya ungemlaani ukalala. Alivisoma vibali, akasema vimetaja idadi, havikutaja sura, na watu wake wameibiwa, basi kila aliyeibiwa aje atambue. Wakaja. Mzee mmoja alimkumbatia fahali wetu shingoni akalia machozi ya kweli; naamini alikuwa amepoteza fahali wa rangi ile, na macho yake yalitaka sana awe yeye. Bibi akaomba aruhusiwe kuwaita ng'ombe wake. Akaita, na yule mwekundu akaacha nyasi akaja akalamba mkono wake. Chifu akatikisa kichwa, akasema ng'ombe humfuata yeyote mwenye chumvi mkononi. Tulishinda uani pale siku baada ya siku, baba akiongea mpaka sauti ikamkauka, na kila siku kundi linapungua mbele ya macho yetu. Wachache waliosalia waliuzwa palepale, tukapata mafuta ya kurudia na malipo ya lori la watu.

Safari ya kurudi bibi alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma, akakaa kwenye samadi iliyokauka, na mimi nikakaa naye. Dereva hakucheka. Kufika nyumbani, wale ndama waliobakizwa wakaja mbio, wakanusa lori, wakazunguka wakitafuta. Wengi wao hawakumaliza mwezi, nao waliobaki tuliwachinja kabla hawajajifia wenyewe.

Basi, maisha yale yakaisha, rafiki yangu. Kibuyu cha mtindi kilipasuka kwa ukavu, kimetundikwa tu. Sakafu zikakosa samadi ya kusiriba, zikawa vumbi. Tukala michembe kwa chumvi. Mashine ya kusaga ililetwa Sapiwi na mtu mwingine, nikawa naupeleka mtama wetu huko huku baba akipita njia ya mbali asiisikie ikinguruma. Baadaye alikwenda machimboni, akarudi mara mbili tatu amekonda, kisha hakurudi. Mimi shule niliacha mwaka ule ule. Na bibi alikuwa bado anaamka alfajiri, anatoka na kata ya kukamulia, anafika mlangoni pa zizi, anarudi.

Watu siku hizi wakiniuliza kwetu kumepotea nini, wanategemea nitaje maziwa, au mbuga zilizolimwa pamba zote, au ngoma za mavuno. Hivyo vimepotea, sikatai. Mimi nina langu moja.

Ulikuwa msimu wa palizi. Bibi alikwenda kuchuma majani ya kunde nyuma ya ua wa minyaa, akateleza, nyonga ikavunjika. Upande wa pili wa ua ule kikundi cha majirani kilikuwa kinalima kwa zamu, wanaimba, wanataniana, hatua chache tu, hata kunong'ona kungesikika. Alilala pale tangu asubuhi. Nilimkuta jua limegeuka, midomo imepasuka, udongo umejaa kwenye kucha kwa jinsi alivyokuwa anajikaza. Na wale bado wanaimba. Nilimnyanyua kichwa nikamlaza mapajani, nikamuuliza, huku nalia kwa hasira, kwa nini hakuita, watu wako hapo hapo.

"Niliwasikia," akasema. "Niliogopa wangekuja."