Redio ya Kushinda Mvua

Yule mama mchuma chai wa Kawetele haji dukani kwa Zubery siku ya jua. Redio kaseti zimejaa madukani siku hizi, lakini yeye husubiri mvua ndipo huja kuchagua, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Taa za rangirangi za redio hazitazami. Hufumba macho, akatega sikio, akaonyesha bati juu. “Hii imezidiwa, baba. Kwangu mvua hainyamazi, kwaya nitaisikia lini?” Jana ilinyesha mpaka sisi mafundi cherehani wa barazani tukawa tunaongea kwa mikono. Mama akaja, akafumba macho, Zubery akawasha ile yenye spika mbili kubwa. Mama akafumbua macho. “Ongeza!” Zubery akaongeza. Mama akaanza kucheza, mabega kwanza, nasi tukaacha vyerehani tukamfuata. Tulipogeuka kutazama barabarani, jua lilikuwa linawaka. Hakuna aliyesikia mvua ikikatika.