Madini ya Palmer, Kalibu ya Delmar

Arlys Tveit alikuwa mwanamke wa kukaza waya za uzio na kuzalisha ng'ombe kwenye baridi, na kwa miaka thelathini na minane friza yake haikukosa nyama ya elki. Mnyama huyo wa misitu ya Montana, Marekani, ana pembe kama matawi na uzito wa ng'ombe mzima. Mmoja hulisha nyumba mpaka theluji iyeyuke. Ila miaka yote hiyo aliwinda na mumewe, Palmer, na Palmer walikuwa wamemzika mwezi wa Machi.

Binti yao hakuchoka kupiga simu kutoka mjini. "Mama, njoo ukae na sisi. Huko peke yako utaweza nini?"

Mwishowe Arlys akamjibu kwa hasira, "Nikikosa nyama msimu huu nauza ng'ombe, nahamia kwenu. Nikipata, hayo maneno yaishe." Neno likishatoka limetoka, na Arlys hakuwa mtu wa kulimeza tena.

Palmer alimwachia mkebe wa kahawa uliojaa vichwa vya risasi alivyoyeyusha na kumimina kwa mkono wake. Vilikuwa vizuri kweli: virefu, na bega kali limezunguka kila kimoja kama ukingo wa sahani. Arlys akavipachika kwenye maganda ya shaba yenye baruti, akaenda nyuma ya zizi kupiga shabaha. Alikuwa akitia risasi moja moja kwa kidole ndani ya chemba iliyo nyuma ya mtutu, anafunga polepole wenzo wa kuingizia risasi, anapiga. Matundu matatu yakafunikwa na kiganja kimoja. Akarudi nyumbani akiimba.

Kule wana desturi yao. Wiki moja kabla ya msimu, jirani huja kukujaribia bunduki kwa risasi za bandia, zisizo na baruti wala fataki ya kuiwasha kitakoni, maana mwenye bunduki huibembeleza mno ya kwake. Basi akaja Delmar Skaggs wa ng'ambo ya kijito, fundi bunduki aliyestaafu lakini mdomo wake ukakataa kustaafu.

"Pai ipo?" akauliza kabla hajavua kofia.

"Salamu kwanza, we mzee."

"Salamu haijazi tumbo." Akaketi jikoni, akakatiwa kipande cha pai, ule mkate mtamu wa matunda, kisha akachukua bunduki, akahakikisha ni tupu. Arlys alikwisha mtengenezea risasi sita za bandia kwa vichwa vya Palmer. Delmar akazisukuma kwenye bomba lililo chini ya mtutu, akaushika wenzo, akaupiga chini na juu kwa nguvu, kraa-kraa!

"Taratibu!" Arlys akaruka. "Utaivunja!"

"Elki atakungojea taratibu? Hapa haraka ndiyo yenye baraka, mama." Akapiga tena, na tena. Risasi ya tatu ikainuka, bega lake likagonga mdomo wa chemba, ikakwama kimshazari. Wenzo ukagoma kufunga.

Delmar akaichomoa kwa kidole, akaiweka mezani.

"Umeijaribu kupitia bomba?" Delmar akauliza.

"Nilitia kwa mkono."

"Kwa mkono hata kijiko kitaingia! Hivi vichwa Palmer alivimimina kwa ajili ya bastola yake. Bastola na bunduki zinakula risasi za kipimo kimoja, lakini bunduki inachagua sura. Inataka mashavu ya mviringo, yateleze. Pua iwe bapa, kwa sababu humo bombani kila pua inalalia fataki ya mwenzake. Ukiweka iliyochongoka umejitegea bomu. Na mdomo wa ganda ubanwe kwenye mfereji wa kichwa, springi isije ikakisukuma ndani. Nina kalibu yake nyumbani, ya kumiminia vya bunduki. Viyeyushe hivi."

"Siviyeyushi." Arlys akauvuta mkebe kifuani. "Ni vya Palmer, Delmar. Ndivyo vya mwisho."

Delmar akasukuma pai kando, jambo ambalo halijapata kutokea. "Palmer nilimjua kabla yako. Alikuwa akiokota vipande vya madini ya risasi kwenye magereji yote ya wilaya hii, mchafu kama nguruwe, ili ule nyama. Hakuokota ili uweke kumbukumbu kwenye mkebe."

Arlys alimfukuza. Kesho yake akamfuata kuomba kalibu.

Alivichomoa vile vichwa kutoka kwenye maganda, akavimwaga vyote kwenye chungu cha chuma, milango ya banda wazi ili moshi wa sumu utoke, akalia huku vinayeyuka. Kisha akamimina vichwa vifupi, vya mashavu ya mviringo, vyenye pua bapa. Sura haikuwa ya Palmer, madini yalikuwa yale yale. Akatengeneza navyo risasi mpya, za kweli na za bandia, na za bandia akazipitisha bombani mara hamsini mpaka bega lake mwenyewe likauma.

Siku ya pili ya msimu, alfajiri, elki alitoka kwenye miti hatua sitini mbele yake. Arlys akapiga. Risasi ikampata nyuma kidogo ya pale palipotakiwa, mnyama akageuka kuelekea kichakani, na Arlys akaona kwa macho yake kile alichokiogopa kuliko kuhama: mnyama kwenda kufa vibaya mahali asipoweza kumfikia. Mkono haukungoja shauri. Kraa-kraa! Ya pili ikaingia kama imeitwa. Elki akapiga magoti, akalala.

Alipohakikisha amekufa, Arlys akarudi nyuma, akaelekeza mtutu ardhini na kuanza kuondoa zilizobaki, kidole mbali na kifyatulio. Ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zikaangukia theluji, hakuna hata moja iliyosita.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku ile Arlys aliamini. Akavua glavu, akaweka mkono kwenye shingo ya mnyama iliyokuwa bado na joto.

"Asante, baba," akamwambia mnyama. "Asante, Palmer. Na wewe Delmar, kwa huo mdomo wako mbaya, Mungu akuzidishie." Kisha akachomoa kisu, maana nyama haimngoji mtu amalize kulia, na ilikuwa ya kwake, ya nyumbani kwake.