Mtoto wa Mshona Magodoro Yuko Golini

Zamani mtu alikwenda uwanjani kumtazama mtoto wa jirani akicheza mpira. Siku hizi anakwenda kutazama simu yake, na mtoto wa jirani anamzibia mwanga.

Fundi baiskeli aliyaona mabadiliko hayo yakija taratibu, akiwa kwenye banda lake la mabati lililoegemea ukuta wa uwanja. Rimu zilining'inia juu ya kichwa chake kama nguo za kuanikwa, na mlangoni palikuwa na beseni la maji ya kutafutia pancha. Watu walimwita Kengele. Wengine walisema ni kwa sababu alifunga kengele kwenye kila baiskeli ya mtaa hata kama mwenyewe hakuomba. Mkewe alisema ni kwa sababu ukimgusa tu analia.

Kengele ndiye aliyekuwa mtangazaji wa klabu kwa miaka ishirini na sita, na kazi hiyo aliianza kwa mkosi. Klabu ilinunua kipaza sauti chake cha kwanza, yeye akapewa kwa kuwa banda lake lilikuwa karibu na umeme. Katibu akamletea orodha ya wachezaji, mvua ikanyesha, wino ukawa uji. Kengele akabaki amesimama mbele ya umati na karatasi isiyosomeka. Wale vijana hakuwajua kwa majina yao ya shuleni. Aliwajua kwa baiskeli za wazazi wao.

"Golini," akasema, "mtoto wa mchomelea mageti! Beki wa kulia, mtoto wa mwalimu wa hesabu, yule mwenye baiskeli isiyo na breki!"

Uwanja ukaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu, mtu mkavu asiyependa utani, akasimama mahali alipokaa na kuinua mkono. Tangu siku ile ikawa hivyo. Mchezaji alitajwa kwa kazi ya mzazi wake, na mzazi akatajwa, akasimama. Aliyekuwa yatima alitajwa kwa aliyemlea, bibi au shangazi, na bibi akasimama kwa mkongojo wake. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote. Lakini kijana aliyesikia mama yake ametajwa mbele ya mtaa mzima hakucheza ovyo.

Miaka ikaenda. Baiskeli zikapungua, pikipiki zikajaa, na banda likawa na vumbi kuliko wateja. Uwanjani nako watu walikuja wameinamisha vichwa. Kengele alitaja mzazi, mzazi akasimama, na aliyekaa pembeni yake hakuinua hata jicho mpaka ipigwe kona, kwa sababu alikuwa ameweka hela kwenye idadi ya kona. Mtu na akili zake anashangilia kona kuliko bao! Hayo nayo tukaambiwa ndiyo maendeleo.

Ndipo siku moja asubuhi mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa na duka la dawa, akafika bandani na kijana mmoja aliyefunga tai.

"Shikamoo mzee," kijana akasema.

"Marahaba. Pancha au cheni?"

"Hapana mzee. Nimekuja kwa habari ya sauti yako."

"Huyu ni afisa wa kampuni ya kubeti," mwenyekiti akaeleza. "Wanataka kutudhamini miaka mitatu. Jezi, viatu, basi, nyasi mpya. Kwa kuanzia watadhamini mechi ya Jumamosi, wanachama waonje, halafu tutapiga kura palepale uwanjani mpira ukiisha."

"Na wao wanataka nini?"

"Kifua cha jezi," afisa akajibu, "na dakika chache za mdomo wako."

Akampa karatasi. Kengele akavaa miwani yake, ile yenye mkono mmoja wa spoku, akasoma polepole. Ilikuwa orodha ya mambo ya kubetia, ya kusomwa kwenye kipaza sauti kabla ya mechi. Katikati yake palikuwa na mstari huu: kipa wa nyumbani kufungwa matatu au zaidi, weka kumi, pata kumi na mbili.

"Kumi na mbili tu? Mbona kidogo?"

"Kidogo kwa sababu jambo lenyewe lina uhakika, mzee. Kipa wenu amefungwa tisa katika mechi tatu. Hesabu haina undugu."

"Lakini kipa ana mama," Kengele akasema. "Anashona magodoro nyuma ya soko."

Afisa akacheka, akapiga makofi. "Mtindo wako ndio huo! Nimesimuliwa. Basi soma hivyohivyo, kwa mtindo wako uleule, usibadili hata kidogo. Huo ndio tunaoulipia."

"Nikikataa?"

Mwenyekiti akaangalia beseni la maji. "Wanayo sauti ya kurekodi. Ya msichana. Fundi wangu, usinivunje miguu. Vijana wanacheza na viatu vinavyocheka, vidole nje." Na ukweli usemwe, mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuomba.

Jioni Kengele akamwambia mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, kwamba anaacha. "Kipaza sauti wampe huyo msichana wao wa kwenye kopo."

"Msichana wa kwenye kopo anamjua mama wa nani?" mkewe akauliza, bila kuacha kukunja. "Ukiacha wewe, karatasi itasomwa vilevile, tena kwa sauti tamu, na klabu itakuwa imekwenda. Umeambiwa usibadili mtindo wako. Mtu mzima umepewa ruhusa na mwenye mali mwenyewe, unalia nini?"

Kengele akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mkewe akampiga mgongoni kwa shati lililokunjwa.

Lakini hakutaka kumvamia mtu kwa jambo zito namna ile. Kesho yake akaenda nyuma ya soko. Mshona magodoro alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, sindano ndefu mkononi, pamba zimemkaa kwenye nywele kama mvi za ziada.

"Hodi, Mama Magodoro."

"Karibu Kengele. Ukija bila kelele najua kuna msiba."

Akamweleza. Yule mama akasema, "Nisomee." Akamsomea ule mstari. Mama Magodoro akaisukuma sindano mpaka ikatokea upande wa pili, akavuta uzi, akapiga fundo, akakata kwa meno.

"Matatu?"

"Au zaidi."

"Hao watu wamewahi kumwona mwanangu?"

"Wameona hesabu zake."

"Mimi nimemwona akitapika kabla ya kila mechi, na bado anaingia." Akageuza godoro. "Soma kwa sauti yako yote. Usinionee aibu. Nitasimama."

Jumamosi uwanja ulifurika. Kampuni ilileta kipaza sauti kipya na spika mbili kubwa kama makabati, na vitambaa vya kijani vikazungushwa ukutani mpaka banda la baiskeli likafunikwa. Kengele akataja timu kama kawaida, mzazi mmoja mmoja akasimama na kukaa. Kisha akakohoa, akainua karatasi.

"Ujumbe wa wadhamini! Kampuni inasema, mtoto wa mshona magodoro leo atafungwa matatu au zaidi. Mama yake, upo?"

"Nipo!" Mama Magodoro akasimama.

Kicheko kikaanza, kikakatika njiani.

"Kampuni inasema, beki namba tano, mjukuu wa mkunga, atatolewa kwa kadi nyekundu. Bibi yake, upo?"

"Nipo! Na huyo kampuni namtaka hapa, nijue kama ni mimi niliyemzalisha!"

"Kampuni inasema, mtoto wa mchonga mihuri atakosa penalti. Baba yake, upo?"

"Nipo," ikajibu sauti nzito, na hawa waliosimama safari hii hawakukaa.

Afisa akapanda ngazi mbiombio. "Mzee, mzee, sivyo!"

"Nimebadili mtindo?"

"Hukusoma bei!"

"Bei inakuja." Kengele akarudi kwenye kipaza sauti. "Ukiweka kumi kwamba mtoto wa huyu mama atashindwa, kampuni itakupa kumi na mbili! Aliyeweka asimame naye, mama amwone!"

Hakusimama mtu. Simu zikaanza kuingia mifukoni, moja moja, kama watu wanaoficha kitu mwenye nyumba akirudi. Muuza vocha, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa ya Mama Magodoro, akaangalia kandambili zake. Alikuwa ameshaweka mkeka wake, yaani dau la kipa kufungwa matatu, tangu asubuhi.

Mpira ukaanza, na laiti dunia ingekuwa ya haki tungeshinda kumi kwa bila. Haikuwa hivyo. Ndani ya nusu saa kipa alikuwa ameshafungwa mawili, la pili likimpita katikati ya miguu. Uwanja ukanywea. Rangi ikamrudia afisa usoni. Mama Magodoro alikuwa bado amesimama, peke yake sasa, mikono kifuani, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Kipindi cha pili mtoto wa mchonga mihuri akarudisha moja kwa kichwa. Zikiwa zimebaki dakika kumi akarudisha la pili, akateleza kwa tumbo mpaka kwenye kitambaa cha kampuni, akaamka nacho shingoni. Mawili kwa mawili. Watu wakakumbuka kupiga kelele, kelele za zamani, za tumboni.

Dakika ya themanini na nane, beki namba tano akamkwatua mtu ndani ya kumi na nane. Kadi hakupewa, lakini penalti ilikuwa penalti, hata bibi yake alikiri. Ikiingia, litakuwa bao la tatu.

Karatasi ya kampuni ilikuwa na mstari mwingine wa penalti, wa kipa wa nyumbani kufungwa kwa penalti. Afisa, jasho limemlowesha tai, akamshika Kengele mkono. "Basi mzee. Huo usisome."

Kengele akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwa namna ileile tu aliyosema kwa miaka ishirini na sita:

"Golini, mtoto wa mshona magodoro."

Uwanja mzima ukasimama. Waliokuwa wazazi na wasio na mtoto, waliomjua kipa na wasiomjua, wote wima nyuma ya mama mmoja mwenye pamba kichwani. Na kabla mpira haujapigwa sauti moja ikapasuka. Ilikuwa ya muuza vocha.

"Daka, mdogo wangu! Daka! Acha mkeka wangu uchanike! Uchanike mpaka mwisho!"

Mpigaji akapiga kushoto. Kipa akaruka kushoto, akaugusa kwa ncha za vidole, mpira ukapiga mwamba, ukarudi uwanjani, na kabla mtu hajaufikia kipa akajitupa juu yake, akaulalia, akaukumbatia, hata mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho ilibidi aombwe auachie. Muuza vocha alikuwa amembeba mtu asiyemjua. Mkunga alikuwa akicheza bila mkongojo. Ilikuwa sare, tena ya nyumbani, na hakuna kombe lililowahi kushangiliwa vile pale.

Mwenyekiti akapanda juu ya benchi na kipaza sauti. Kura ni kura. Akaeleza habari ya viatu, basi, nyasi. Hakuficha kitu wala hakuongeza chumvi. Kisha akasema, "Wanachama wanaokubali mkataba, wasimame."

Watu wote walikuwa wamesimama tangu ile penalti. Kwa sekunde moja afisa alitabasamu. Halafu Mama Magodoro akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mechi ianze. Mchonga mihuri akakaa, mwalimu wa hesabu akakaa, muuza vocha akakaa chini kwenye vumbi, na ule uwanja wote ukashuka kwa pamoja, kama shuka linalotandazwa, mpaka waliobaki wima wakawa afisa na mwenyekiti juu ya benchi lake. Mwenyekiti akawatazama watu wake. Akashusha pumzi, akakaa naye.

Viatu? Wiki nzima iliyofuata Kengele alivipigia soli za tairi kuukuu, jozi kumi na nane, na waliokuwa na mikono wakaja kumsaidia. Siku hizi ukimpa kijana kiatu cha soli ya tairi atakuuliza kama unamtukana. Wale walivivaa, wakamaliza msimu wakiwa nafasi ya tatu.

Lakini jioni ileile ya Jumamosi, watu wa kampuni walipokuwa wakikunja vitambaa vyao na kupakia spika garini, afisa alimfuata Kengele kuchukua kipaza sauti kipya. Kengele akampa, amekifuta kwa kitambaa.

"Na wewe, mwanangu, wazazi wako wanafanya kazi gani?"

Afisa akasita. "Baba sikumjua. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka, hospitali. Ameshafariki."

Akageuka, akaenda zake. Alikuwa ameshika kitasa cha gari pale ilipomfikia ile sauti isiyohitaji spika.

"Anaondoka! Mtoto wa mfuaji wa hospitali! Mama yake, upo?"

Afisa akaganda. Kisha kule kwenye ngazi, ambako mwanawe alikuwa amemlalia mapajani kwa uchovu, Mama Magodoro akamsogeza kipa pembeni, akasimama.

"Hayupo, ila mimi nipo!"

Kijana akainua mkono juu, kama wazazi wanavyoinua, akaushikilia hivyo huku akiingia garini. Gari likakata kona ya ukuta, mkono ule bado uko dirishani, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Kengele kuwaona watu wale.